Hesabu ya surua: Kwa nini chanjo ya mtoto wa jirani inakuhusu



Wiki chache zilizopita nilialikwa kuzungumza na akina mama baada ya darasa lao la Alhamisi katika msikiti mmoja. Nilizungumzia chanjo ya surua, ugonjwa ambao wengine huuita shurua au ukambi. Nilipomaliza, mama mmoja aliyembeba mtoto wa miezi mitano alinyoosha mkono akasema: “Tabibu, wanangu wakubwa nimewachanja wote. Jirani yangu amekataa kuwachanja wa kwake, anasema hilo ni shauri lake. Wewe unatuambia tumshawishi. Kama wangu wamechanjwa, wa kwake wananihusu nini?”

Nilimjibu kwa kifupi kwa sababu adhana ya Laasiri ilikuwa imekaribia. Jibu lile halikumtosheleza, na kusema kweli hata mimi mwenyewe halikunitosheleza. Jibu kamili limo ndani ya hesabu. Si hesabu ngumu, aliyefika darasa la sita anaiweza. Basi leo, In shaa Allah, tushike chaki tuipige pamoja hatua kwa hatua.

Nilivyoijua surua

Kabla ya hesabu, nieleze kwa nini jambo hili liko moyoni mwangu. Nilipokuwa na umri wa miaka minane hivi, nilikuwa nasoma Juzuu Amma katika chuo cha mtaani kwetu. Tulikuwa watoto kama arobaini, tukikaa bega kwa bega juu ya jamvi, katika chumba chenye dirisha moja. Siku moja mwenzetu mmoja alikuja na homa, mafua na macho mekundu. Maalim alidhani ni mafua ya kawaida, akamwacha aendelee kusoma. Siku ya tatu upele ukamtoka. Zilipopita wiki mbili, nusu ya jamvi ilikuwa tupu.

Mtoto niliyekuwa nikikaa naye, tukisoma katika juzuu moja, alipatwa na kichomi baada ya surua. Hakurudi tena chuoni. Allah amrehemu. Mimi sikuugua. Mama yangu alikuwa amenipeleka kliniki nikachanjwa, yeye hakuwahi kupelekwa. Wakati ule nilidhani ni bahati tu. Nilipokwenda kusomea utabibu ndipo nilipotambua kwamba yale yaliyotupata pale chuoni yangeweza kuandikwa kwa namba hata kabla hayajatokea.

Mitungi mitatu

Mwaka 1927 wataalamu wawili waliokuwa wakifanya kazi Uskochi, William Kermack na Anderson McKendrick, walichapisha hesabu ya namna maradhi ya kuambukiza yanavyoenea. McKendrick alikuwa daktari aliyewahi kufanya kazi India. Kermack alikuwa mkemia, naye alikuwa amepofuka macho kwa ajali ya maabara mwaka 1924, hivyo hesabu zake alizifanya kichwani. Walilinganisha hesabu yao na vifo vya tauni vilivyotokea Bombay mwaka 1905 na 1906, wakaona vinakwenda pamoja.

Fikra yao ni nyepesi. Wagawe watu wa mtaa katika mitungi mitatu. Mtungi wa kwanza ni wa wasio na kinga, yaani ambao ugonjwa ukiwafikia utawashika. Mtungi wa pili ni wa wanaougua na kuambukiza wengine. Mtungi wa tatu ni wa waliokwisha kuugua, wakapona na kupata kinga. Na wale waliofariki nao huwa wametoka katika mtungi wa pili, kwani hawaambukizi tena. Maji hutoka mtungi wa kwanza kwenda wa pili, na wa pili kwenda wa tatu. Hayarudi nyuma.

Chanjo ni mfereji unaochota maji mtungi wa kwanza na kuyapeleka moja kwa moja mtungi wa tatu, bila kupitia ule wa pili. Mtoto anapata kinga bila kupita kwenye homa, kichomi na hatari ya kaburi.

Jambo kubwa walilolionyesha wataalamu hao ni hili: mlipuko hauhitaji mtungi wa kwanza ukauke kabisa ndipo usimame. Husimama pale maji yanapopungua chini ya kiwango fulani, kwa kuwa mgonjwa anakuwa hakutani tena na watu wa kutosha wasio na kinga. Kiwango hicho ndicho tunachokitafuta.

Mgonjwa mmoja huambukiza wangapi?

Kila ugonjwa wa kuambukiza una namba yake. Namba hiyo inaeleza mgonjwa mmoja, akiingia katika jamii ambayo hakuna hata mtu mwenye kinga, ataambukiza watu wangapi kwa wastani. Tuiite namba ya uambukizaji. Inatokana na mambo matatu: mgonjwa anakutana na watu wangapi kwa siku, ugonjwa unashika kwa urahisi kiasi gani wakikutana, na mgonjwa anabaki na uwezo wa kuambukiza kwa siku ngapi.

Katika mlipuko wa Ebola wa Afrika Magharibi ulioanza mwaka 2014, namba hiyo ilikadiriwa kuwa karibu na 2. Kwa surua hutajwa kuwa kati ya 12 na 18. Ni miongoni mwa namba kubwa kuliko zote zinazojulikana katika maradhi ya binadamu. Sababu ni kwamba virusi vya surua hupaa hewani kwa pumzi, kikohozi na chafya, na vinaweza kubaki katika hewa ya chumba hadi saa mbili baada ya mgonjwa kuondoka. Mtoto wako anaweza kuambukizwa na mtu ambaye hata hakumwona.

Tuchukue namba ya katikati, 15. Mgonjwa wa kwanza anaambukiza 15. Kila mmoja wa hao anaambukiza 15 wengine, wanakuwa 225. Hao nao wakiambukiza 15 kila mmoja, wanakuwa 3,375. Kila mzunguko huchukua takriban wiki mbili. Maana yake ni kwamba katika jamii isiyo na kinga kabisa, ndani ya wiki sita tu ugonjwa unaweza kutoka mtu mmoja ukafika maelfu.

Kwa nini kumtenga mgonjwa peke yake hakutoshi

Msomaji atauliza: si tumtenge tu mgonjwa? Sisi Waislamu tuna mafundisho ya Mtume (s.a.w.) juu ya tauni, kwamba tusiingie katika mji uliopatwa nayo na aliyemo asitoke kuikimbia. Na Khalifa Umar (r.a.) aligeuza msafara wake alipokuwa akielekea Sham baada ya kupata habari za tauni. Kwa lugha ya hesabu yetu, mafundisho hayo yanapunguza lile jambo la kwanza, yaani idadi ya watu wanaokutana na mgonjwa. Ni kinga ya kweli na inafanya kazi. Ugonjwa wa SARS, uliowashika watu zaidi ya 8,000 duniani, ulizimwa mwaka 2003 bila chanjo yoyote, kwa kuwatenga wagonjwa na kuwafuatilia waliokutana nao.

Lakini SARS ilikuwa inaambukiza zaidi baada ya mtu kuonekana wazi kwamba ni mgonjwa. Surua haingoji. Mwenye surua huanza kuambukiza siku nne kabla ya upele kutoka, na huendelea hadi siku nne baada ya kutoka. Siku nne za mwanzo mzazi anaona mafua na homa tu, na mtoto yuko chuoni, shuleni, au kwenye shughuli ya harusi. Unapouona upele na kumfungia ndani, nusu ya kazi ya ugonjwa imekwisha kufanyika. Kumtenga ni wajibu, hupunguza madhara, lakini hakuwezi kuishusha 15 ikafika chini ya 1. Kwa surua, chanjo ndiyo nguzo.

Kiwango cha kuuzima moto

Sasa tufike kwenye kiwango chenyewe. Mgonjwa anakutana na watu 15 ambao angewaambukiza. Tukitaka amwambukize mtu mmoja tu au chini ya hapo, lazima angalau 14 kati ya hao 15 wawe na kinga. Kumi na nne kwa kumi na tano ni asilimia 93. Ukitumia namba 12, utapata 11 kwa 12, ambayo ni karibu asilimia 92. Ukitumia 18, utapata 17 kwa 18, ambayo ni asilimia 94. Ndiyo sababu wataalamu wa afya duniani husema tufikishe asilimia 95. Hawakuiokota namba hiyo barabarani.

Hapa zingatia: tumesema “wawe na kinga”, hatukusema “wawe wamechanjwa”. Hakuna chanjo inayomshika kila mtu. Dozi moja ya surua ikitolewa katika umri wa miezi tisa hutoa kinga kwa watoto 85 hivi katika kila 100. Dozi mbili hufikisha karibu 97.

Sasa chukua madrasa yenye watoto 100, wote wana dozi moja. Walio wazi ni 15, yaani asilimia 15. Zidisha 15 kwa asilimia 15, unapata 2.25. Kila mgonjwa anaambukiza zaidi ya wawili. Moto bado unawaka, ingawa wote wamechanjwa!

Wape dozi ya pili. Walio wazi wanabaki 3. Zidisha 15 kwa asilimia 3, unapata 0.45. Yaani wagonjwa 100 wanaambukiza 45, hao 45 wanaambukiza 20, hao 20 wanaambukiza 9, mpaka ugonjwa unakufa wenyewe. Hiyo ndiyo maana ya dozi ya pili ya miezi 18, ambayo akina mama wengi huiacha kwa kuona mtoto ameshatembea na afya yake ni njema.

Sasa tuseme familia 20 katika hizo 100 zimekataa kabisa, na 80 zimekamilisha dozi mbili. Katika wale 80, wenye kinga ni 78 hivi. Walio wazi ni 22. Zidisha, unapata 3.3. Moto unawaka tena.

Ewe mama uliyeuliza swali, jibu lako ndilo hili. Watoto wako wakubwa wako ndani ya kinga kwa kiasi kikubwa. Lakini huyo wa miezi mitano uliyembeba hajafikia umri wa chanjo. Yeye analindwa na kinga ya watu wanaomzunguka, akiwemo mtoto wa jirani. Vivyo hivyo mtoto mwenye saratani au maradhi makali yanayodhoofisha kinga, ambaye huenda daktari akazuia asichanjwe. Ni jambo linalofanana na fardhi kifaya, kwamba wakilitimiza watu wa kutosha, wale wasioweza wanasalimika. Tofauti ni kwamba hapa “watu wa kutosha” ni 95 katika 100.

“Mbona waliougua wengi walichanjwa?”

Swali hili huja kila palipo na mlipuko, na mwenye kuliuliza hasemi uongo. Chukua chuo chenye watoto 110. Mia moja wana dozi moja, kumi hawana chanjo kabisa. Katika wale mia, walio wazi ni 15. Katika wale kumi, wote kumi wako wazi. Surua ikiwapitia wote walio wazi, wagonjwa watakuwa 25, na kati yao 15 wamechanjwa. Mtu akihesabu wagonjwa tu atasema: “Waliochanjwa ndio wengi, basi chanjo haifai.”

Lakini hesabu sawasawa. Waliochanjwa wameugua 15 kati ya 100. Wasiochanjwa wameugua 10 kati ya 10. Ukimhesabu mgonjwa bila kumhesabu mzima aliyeketi pembeni yake, umepima kwa kibaba kilichotoboka.

Yaliyotokea visiwani

Hesabu hizi si za kwenye ubao tu. Mwaka 1846 surua iliingia katika visiwa vya Faroe, huko kaskazini mwa Ulaya, ambako haikuwa imeonekana kwa miaka 65. Daktari kijana wa Denmark, Peter Panum, alitumwa kwenda kuchunguza. Kati ya wakazi wapatao 7,800, waliougua walikuwa kama 6,000. Mtungi wa kwanza ulikuwa umejaa pomoni. Panum aligundua pia kwamba wazee waliougua katika mlipuko wa mwaka 1781 hawakuugua tena. Kinga ya surua hudumu.

Na tusidhani ni habari ya zamani. Samoa ni nchi ya visiwa katika bahari ya Pasifiki yenye watu kama 200,000. Mwezi Julai 2018 watoto wachanga wawili walifariki muda mfupi baada ya kupewa chanjo. Uchunguzi ulionyesha kwamba wauguzi walichanganya unga wa chanjo na dawa ya kulegeza misuli badala ya maji yake maalumu. Chanjo haikuwa na kosa, kosa lilikuwa la mikono ya watu, na wauguzi hao walihukumiwa kifungo. Lakini chanjo ilisimamishwa kwa miezi, uvumi ukaenea, na wazazi wakaogopa. Kiwango cha waliochanjwa kikaporomoka hadi karibu theluthi moja ya watoto.

Mwisho wa mwaka 2019 surua ikaingia. Zaidi ya watu 5,700 waliugua na 83 wakafariki, wengi wao wakiwa watoto chini ya miaka mitano. Serikali ikafunga shule, na mwezi Desemba ikasimamisha shughuli kwa siku mbili ili wachanjaji wapite nyumba kwa nyumba. Nyumba yenye asiyechanjwa ilitundika kitambaa chekundu. Walipofikia karibu asilimia 95, mlipuko ukazimika. Namba ileile ya kwenye ubao wetu.

Kwetu sisi Waislamu kuna somo jingine, la polio. Mwaka 2003 jimbo la Kano, kaskazini mwa Nigeria, lilisimamisha chanjo hiyo kwa kuhofu kwamba imetiwa dawa ya kuzuia uzazi. Mwaka 2004 ilirejeshwa, baada ya chanjo kupimwa na kuletwa nyingine kutoka Indonesia, nchi ya Waislamu wenzetu. Katika kipindi hicho virusi kutoka kaskazini mwa Nigeria vilisafiri hadi Sudan, Yemen na mwaka 2005 vikafika Indonesia kwenyewe. Waliopooza kwa sehemu kubwa walikuwa watoto wa Kiislamu. Siwalaumu waliouliza maswali, maana kuuliza ni haki. Ila wakati wakubwa wanajadiliana, mtungi wa kwanza unaendelea kujaa kila mtoto anapozaliwa.

Mipaka ya hesabu

Hesabu hii si elimu ya ghaibu. Haisemi “fulani ataugua”. Inasema “mambo yakiwa hivi, basi tarajia hivi”. Mwenye kujua ya kesho ni Allah peke yake.

Pia inachukulia kwamba watu wanachanganyika sawasawa, na sisi hatuchanganyiki hivyo. Wilaya inaweza kutangaza asilimia 95, kumbe ndani yake upo mtaa mmoja wenye 60, kwa kuwa watu wa mtaa huo wanasali pamoja, wanaoleana, na wamesikia uvumi mmoja. Surua haisomi takwimu za wilaya. Inaingia kwenye mtaa huo.

Na sisi watoa huduma tujisemee ukweli. Nimewahi kumwona mama akifokewa mbele ya wenzake kwa kuwa kadi ya mtoto ilipotea. Aliondoka na sikumwona tena kliniki. Kila mama tunayemfukuza kwa ulimi tunamrudisha mwanawe mtungi wa kwanza.

Ya kufanya nyumbani na chuoni

1. Leo hii toa kadi ya kliniki uisome. Kwa Tanzania chanjo ya surua na rubela hutolewa miezi 9 na miezi 18. Kama dozi ilipita, nenda zahanati, usiseme muda umekwisha. Kama kadi imepotea, nenda vilevile.

2. Una haki ya kumuuliza muuguzi kwa adabu akuonyeshe kichupa cha chanjo na maji yake ya kuchanganyia. Mwenye kuijua kazi yake hatachukia.

3. Mtoto mwenye homa, kikohozi, mafua na macho mekundu asiende chuoni wala shuleni. Upele ukitoka, abaki nyumbani angalau siku nne zaidi. Ukimpeleka zahanati, toa taarifa mlangoni ili asikae na watoto wengine kwenye benchi.

4. Mtoto wa umri wa kuchanjwa ambaye hana chanjo na amekutana na mgonjwa, mwahishe. Chanjo ikitolewa ndani ya siku tatu inaweza kumkinga au kupunguza makali.

5. Mgonjwa apelekwe apewe vitamini A, ambayo hupunguza vifo na upofu. Mpe maji na chakula, na anayenyonya aendelee kunyonya. Usimtie machoni dawa za majani wala kitu chochote ambacho hakikutoka kwa tabibu.

6. Akipumua kwa shida, akishindwa kunywa, akipata degedege, akiharisha sana au akilegea, usingoje asubuhi. Mwahishe hospitali.

7. Maalim na maustadhi, fungueni madirisha, na muwe na daftari la mahudhurio. Watoto watatu wakikosekana kwa homa wiki moja, toeni taarifa zahanati. Na mnapoandikisha mtoto mpya, iulizeni kadi yake kama mnavyouliza jina la baba yake.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2023 surua iliua watu 107,500 hivi duniani, wengi wao watoto wadogo, ilhali chanjo imekuwepo tangu mwaka 1963. Yule mwenzangu wa kwenye jamvi alikuwa katika hesabu ya mwaka wake. Alihitaji wazee wa mtaa mmoja tu wakubaliane.

Mama mwenye mtoto wa miezi mitano, kama unaisoma safu hii, mwendee jirani yako. Usiende na ugomvi, nenda na mwanao mgongoni na umwambie: “Huyu bado miezi minne. Nisaidie kumlinda.” Kisha mwende kliniki pamoja.

Tukutane toleo lijalo, In shaa Allah. Wabillahi tawfiq.